Toba Bila Kuficha

Mdomo wa Kasyoka ulianza kumtia matatani tangu ana meno ya utotoni, na hilo hata yeye hakulikana. Alichokikana ni kwamba mdomo huo ulisema uongo. Lakini wazee wa kanisa walipomwita hawakumuuliza kama alichosema ni kweli au si kweli. Walimuuliza kwa nini alikisema.

Kosa lenyewe lilikuwa swali moja. Ilikuwa Aprili ya mwaka wa themanini na nne, siku ambazo watu wa upande ule wa Makueni walikuwa wameshaacha kutazama mawingu maana hayakuwepo, na akina mama walikuwa wamekutana kanisani kupanga zamu za kufagia. Kasyoka akasimama. "Tangi ni la kanisa," akasema, "na sisi tunapewa debe moja Jumanne na debe moja Ijumaa, na ndimi zetu zimekuwa ngumu kama soli ya akala. Nauliza tu. Michungwa ya Mzee Nzomo inakunywa wapi mpaka inang'aa vile?"

Akina mama wakacheka. Halafu wakakumbuka kutazama mlangoni.

Jumapili iliyofuata karani wa kanisa, Kivuva, alisoma jina lake mbele ya watu: ametengwa miezi sita kwa kosa la ulimi, kumsengenya mtumishi. Na kutengwa katika kanisa lile si mchezo. Unakaa benchi la nyuma, lile la karibu na mlango ambapo mbuzi huchungulia. Meza ya Bwana hukaribii. Kwaya utaisikia ukiwa umefunga kinywa. Katika mkutano wowote huruhusiwi kusema neno, isipokuwa neno la kutubu.

Hayo yote Kasyoka angeyabeba. "Benchi la nyuma lina upepo," alimwambia rafiki yake Kalondu, "na mahubiri yakizidi naangalia barabara." Alikuwa mwanamke mfupi, mwembamba, mwenye miaka arobaini na kitu. Miaka minane ya ujana wake aliipitisha Mtito Andei, akipika matumbo na chapati katika hoteli ya madereva wa malori. Mtu aliyewahi kugombana na dereva wa lori la mizigo juu ya kipande cha nyama saa kumi na moja alfajiri hatishwi na benchi.

Ila Mzee Nzomo, mmoja wa wazee wa kanisa, aliongeza adhabu moja ambayo haikuwa kwenye kitabu cha kanisa. Alisema waliotengwa wasiteke maji ya tangi, maana maji yale ni baraka, na baraka ni za walio ndani.

Sasa, tangi lile lilijengwa na nani? Lilijengwa na mwethya wa akina mama, kazi ya pamoja, kila nyumba mtu mmoja. Mchanga walipanda nao kutoka mtoni, kamba kwenye paji la uso, shingo zikilia. Lilipofika kupigwa lipu ndani, tundu la juu lilikuwa dogo, na mwili uliopita pale ulikuwa mmoja tu. Kasyoka alikaa mle ndani siku kumi na moja na taa ya chemli, saruji ikimla vidole, akitoka jioni kijivu kama mzimu. Mzee Nzomo alisimamia kazi. Yaani alisimama.

Lakini shamba la kanisa lilitolewa na marehemu baba yake, na mpaka kati ya kanisa na michungwa yake ulikuwa mstari wa mkonge tu, kwa hiyo alipotia ufunguo wa kufuli la tangi mfukoni mwake hakuna aliyeona ajabu. Ulikuwa kama umerudi nyumbani.

Agosti, Syombua, binti wa Kasyoka, alikuja kujifungulia kwa mama yake. Akapata msichana, wakamwita Mutindi. Mtoto mwenyewe mdogo kama konzi, na mama yake maziwa yalikuwa yanatoka kwa kubembelezwa. Mwanamke anayenyonyesha anataka uji, na uji unataka maji. Mto ulikuwa mchanga mtupu. Ulichimba shimo mpaka likakumeza kiunoni, ukakaa ukingojea maji yajikusanye kikombe kwa kikombe, na nyuma yako foleni. Kwenda saa mbili, kurudi saa mbili na nusu kwa sababu ya mzigo. Kasyoka alikwenda kila siku, na debe moja halikutosha watu watatu.

Ijumaa moja ya Septemba akapiga moyo konde, akaenda kwenye tangi. Akina mama walikuwa kwenye foleni. Mfereji ulikuwa unatoa maji membamba kama uzi, na Mzee Nzomo, akiwa na kofia yake ya kahawia na kalamu mbili mfukoni, alikuwa anawaambia ni uchafu umeziba, tangi bado liko nusu.

"Mzee," Kasyoka akasema, "langu sitaki. Nataka la mtoto. Mtoto hajatengwa."

"Mtoto analala nyumba gani?"

"Kwangu."

"Basi."

"Ana wiki tatu, mzee. Amesengenya nani?"

Mwanamke mmoja kwenye foleni akakohoa. Mzee Nzomo hakukasirika. Hilo ndilo lililomkera Kasyoka kuliko yote, ile sura ya upole aliyoivaa kama koti la kuazima.

"Mama Syombua, mlango mimi sijafunga. Pasta anakuja Jumapili ya mwisho wa mwezi. Simama mbele ya kanisa, tubu, useme ulinisingizia uongo. Jumanne yake utateka kama wengine. Ni neno moja tu."

Kasyoka akageuka akaondoka na debe tupu. Kalondu, aliyekuwa wa tatu kwenye foleni, alikuwa ameinama anafunga kamba ya kiatu. Alikuwa amevaa kandambili.

Kasyoka alikata njia kando ya mkonge, akitembea kwa hasira, akikanyaga ardhi kama inayodaiwa kujibu. Na ardhi ikajibu. Mguu wa kulia ulizama.

Akasimama. Akautoa mguu, akautazama. Tope. Septemba, mwaka ambao hata machozi watu walikuwa wanayawekea akiba, Kasyoka alikuwa na tope mpaka kwenye kifundo.

Akapiga magoti akafukua kwa vidole. Chini kidogo tu akakuta paipu nyeusi ya plastiki. Kwa huku ilitoka nyuma ya tangi. Kwa huku ilipita chini ya mkonge kuelekea kwenye michungwa. Mahali ilipounganishwa ilifungwa kwa mpira wa baiskeli, na ule mpira ulikuwa unatoa jasho.

Hakupiga kelele. Aliifukia vizuri, akaenda nyumbani, akarudi na debe saa saba mchana, saa ambayo hata mbwa wa Mzee Nzomo walikuwa wamelala kifudifudi. Akafungua ule mpira, akajaza debe, akaufunga tena imara kuliko alivyoukuta, maana kazi mbovu ilikuwa inamuudhi hata ikiwa ya mwizi. Siku hiyo Mutindi alioga mwili mzima kwa mara ya kwanza tangu azaliwe. Syombua alikunywa mpaka tumbo likalia.

Kasyoka alijaribu kuona haya kwa kuiba. Haya ilikataa kuja. Kilichokuja ni zile siku kumi na moja ndani ya tangi, na vidole vilivyochubuka, na michungwa ya mtu ikinywa.

Kalondu alikuja jioni, akakaa kwenye kigoda bila kukaribishwa, kama desturi yake. Kasyoka hakumwambia habari ya paipu. Alimwambia habari ya toba.

"Sema tu," Kalondu akasema. "Sema ulisema uongo, mtoto apate maji. Ni upepo wa mdomo. Mungu anajua ukweli."

"Mungu anajua, ndiyo. Na Jumapili hiyo atakuwa anajua peke yake."

"Utakula huo ukweli?"

"Kalondu, wewe mwenyewe unajua."

Kalondu akatazama mikono yake. "Mimi nina watoto watano," akasema.

Kesho yake Kasyoka alikwenda kwa Kivuva kumwomba amsomee sheria za toba. Kivuva alikuwa mtu aliyekonda kwa ajili ya utaratibu. Kile kitabu cha kanisa alikiandika kwa mkono wake na tangu akiandike hakuna mtu aliyewahi kukiulizia. Alikitoa kwenye mfuko wa nailoni kama mtu anayefunua mtoto. Sheria ya tatu: anayetubu atubu kwa sauti, kwa kirefu, bila kuficha, wala asikatizwe na yeyote mpaka aseme amina. Sheria ya nne: mwizi arudishe alichoiba, mahali alipokitoa, mbele ya mashahidi.

"Hizi alizileta Mzee Nzomo mwenyewe," Kivuva akasema, "mwaka jana, baada ya yule kijana Ndolo kusema 'nimekosa mnisamehe' na kukaa chini kabla kiti hakijapoa. Mzee alisema toba gani hiyo ya kutema mate."

"Mzee alisema vizuri," Kasyoka akasema. "Nisomee tena ya nne."

Jumapili ya mwisho wa mwezi, Pasta Evanson Kang'ethe alifika kwa pikipiki, na vumbi lake likafika nyuma yake. Alikuwa mtu wa Murang'a, mnene, mpole, aliyeyazungukia makanisa kumi na mawili. Kikamba chake kilitosha kusalimia na kushukuru kwa chakula, kwa hiyo siku ya Pasta ibada iliendeshwa kwa Kiswahili, na watu walikivaa Kiswahili chao pamoja na viatu.

Kasyoka aliingia wa mwisho. Kichwani alikuwa na debe limejaa maji mpaka ukingoni, na majani ya kuzuia yasimwagike. Alikuwa ameamka jogoo wa kwanza, akaenda mtoni, akarudi. Alilitua mlangoni karibu na benchi lake, akakaa. Vichwa vyote viligeuka, si kumtazama yeye, kutazama maji.

Baada ya mahubiri Mzee Nzomo alisimama kutangaza kwamba yuko dada mmoja aliyeguswa. "Na kwa kuwa Kiswahili kwa akina mama wetu ni kigumu," akamwambia Pasta, "aseme kwa Kikamba, nitamtafsiria mimi."

"Asante, mzee, usijisumbue," Kasyoka akasema kutoka nyuma. "Nitajisemea."

Akatembea mpaka mbele. Ulikuwa mwendo mrefu kwa mtu aliyekaa miezi mitano mlangoni. Akageuka akawatazama.

"Bwana asifiwe."

"Asifiwe."

"Mimi ni mwenye dhambi, na leo nimekuja nazo zote. Hata moja sijaacha nyumbani."

Wachache wakacheka. Mzee Nzomo akaitikia kwa kichwa, kama mwalimu.

"Ya kwanza ni hasira. Pasta, nimemchukia Mzee Nzomo. Si ile chuki ya Jumatatu ambayo Jumatano mtu ameisahau. Nimemchukia nikikoroga uji, nimemchukia nikifagia. Nikisema Baba Yetu, nikifika pale pa kusamehe waliotukosea, naruka. Naenda moja kwa moja kwa majaribuni."

"Dada," Mzee Nzomo akasema, "inatosha, kanisa limeelewa."

Kivuva alikuwa ameshasimama, kitabu mkononi. "Sheria ya tatu. Asikatizwe mpaka aseme amina."

"Sijasema amina," Kasyoka akasema.

Pasta akamtazama Kivuva, akatazama kitabu, akaketi vizuri. "Sheria ni zenu," akasema. "Endelea, mama."

"Ya pili pia ni hasira, lakini ni ya hawa." Akanyoosha mkono kuelekea upande wa akina mama. "Nimewachukia nyinyi. Nilipouliza lile swali mlicheka, maana mlikuwa nalo wenyewe mdomoni na mliogopa kulitoa. Nikatengwa peke yangu. Kila Jumanne na Ijumaa mkapita kwangu na madebe mkitazama chini kama mliopoteza sindano. Kalondu, wewe ni rafiki yangu. Nimekuchukia mara mbili kwa wiki."

Kalondu aliinua kichwa. Macho yake yalikuwa yamejaa, lakini hakutazama pembeni.

"Ya tatu ni uongo." Mzee Nzomo akajiweka sawa kwenye kiti, hili ndilo alilolijia. "Mwezi wa Aprili nilisimama hapa nikauliza michungwa ya Mzee inakunywa wapi. Niliuliza kama mtu asiyejua chochote. Huo ulikuwa uongo. Nilikuwa nashuku. Mtu anayeshuku asijifanye anauliza. Naomba mnisamehe kwa kuuliza. Ningesema tu."

Kanisa likavuta pumzi moja. Pasta Kang'ethe akatoa kitambaa akajipangusa shingo.

"Na ya nne," Kasyoka akasema, na sauti yake, ambayo mpaka hapo ilikuwa imekaa chini, ikaanza kupanda, "mimi ni mwizi. Nimeiba maji ya kanisa. Debe moja."

Hapo uso wa Mzee Nzomo ukafunguka. Alikuwa kama mtu aliyeletewa ng'ombe aliyechinjwa tayari. Akasimama, akasahau sheria ya tatu na ya mia.

"Mmesikia kwa masikio yenu," akasema. "Mimi sijasema kitu, amesema mwenyewe. Mwizi. Hebu tuambie, Mama Syombua, wewe uliiba vipi na ufunguo ninao mimi?"

Kasyoka akamgeukia polepole.

"Asante kwa kuuliza, mzee. Niliogopa hakuna atakayeuliza." Akawageukia watu. "Sikuibia kwenye mfereji. Mfereji una kufuli. Niliibia kwenye paipu."

"Paipu gani?" akauliza mtu upande wa wanaume.

"Iko paipu. Na sheria ya nne inasema mwizi arudishe alichoiba mahali alipokitoa, mbele ya mashahidi. Debe langu lile pale mlangoni. Mashahidi ni nyinyi. Twendeni."

Hakungoja. Alishuka katikati ya mabenchi, akainamia debe, akalipandisha kichwani kwa mtikiso mmoja, akatoka. Halafu Kalondu akainuka, na benchi zima la akina mama likainuka naye, na wakati Pasta anatafuta kofia yake kanisa lilikuwa limebaki na Mzee Nzomo na watoto waliolala.

Walimkuta Kasyoka kando ya mkonge, amesimama wima na debe kichwani, mguu mmoja ukifukua udongo kama kuku. Paipu ikatokeza. Akina mama wakapiga magoti wakasaidia kufukua. Waliifuata kwa mikono yao, wakirusha udongo, mpaka kwenye mkonge, na chini ya mkonge, na ng'ambo ya pili. Kule michungwa ilikuwa imesimama mistari kwa mistari, kila mmoja na sahani yake ya udongo mweusi, mbichi.

Mzee mmoja akachukua udongo ule akaufinya. Ukashikana. Akautupa chini kama kitu kilichomuuma.

Mzee Nzomo alifika akihema. "Haya ni mambo ya wazee," akasema. "Ile paipu ni ya kusafishia tangi. Pasta, haya tutayamaliza ofisini, polepole."

"Nimetengwa mbele ya watu," Kasyoka akasema. "Ofisini nitakwenda kufanya nini?" Sasa maji yalikuwa yanachungulia kwenye ukingo wa debe na kumdondokea begani. "Mimi nataka kitu kimoja. Nataka kurudisha. Nimetoka na hili debe mtoni, na nyumbani kuna mtoto ana mwezi mmoja, midomo imepasuka, na bado nimelileta, kwa sababu nimeambiwa nitubu. Wewe ndiye msimamizi. Haya maji ni ya nani, nimrudishie? Ukisema ni ya kanisa, narudisha kwenye tangi. Ukisema ni yako, namwagia mchungwa wako huu hapa sasa hivi."

Jua lilikuwa la saa sita. Mzee Nzomo alitazama michungwa, akamtazama Pasta, akatazama wale wanawake waliopiga magoti na udongo mpaka viwikoni. Alipotazama mikono yao ndipo alipoelewa kwamba hakuna wa kumdanganya tena.

"Mzee," Pasta akasema kwa upole, "mama ameuliza."

"Ya kanisa," Mzee Nzomo akasema. Alilisema akitazama viatu vyake.

"Sijasikia," Kasyoka akasema.

"Ni ya kanisa."

"Basi naomba ufunguo wa kifuniko cha juu."

Ngazi ya miti ililetwa. Kasyoka alipanda mwenyewe, akakataa kusaidiwa, akafungua kufuli la kile kifuniko cha bati, akaliinamisha debe juu ya tundu. Akaachilia.

Maji yakiingia majini yana sauti yake, nzito, ya kushiba. Haya hayakulia hivyo. Yalianguka muda mrefu, halafu yakapiga saruji tupu, na tangi zima likavuma. Lilivuma mpaka kuta za kanisa zikalisikia, na kila aliyekuwa pale alijua kwamba lile ndilo tangi waliloambiwa Ijumaa ile kwamba bado liko nusu.

Mwanamke mmoja akaanza kulia kwa sauti, kama msibani. Wengine hawakulia. Wengine walimgeukia Mzee Nzomo, na mmoja alikuwa ameshika jembe lililookotwa kwenye michungwa, na Pasta akajisogeza katikati na tumbo lake lote.

"Ngojeni," Kasyoka akasema kutoka juu. "Kupiga mtu hakujazi debe. Mle katikati kuna shimo nililolichimba mimi la kukusanya matope. Liko chini ya mfereji, chini ya paipu yake pia. Hajalifikia. Leteni kamba na ndoo."

Kamba ikapatikana. "Ataingia nani?" Kivuva akauliza.

"Unauliza nini? Nani mwingine anapita hapa?" Akajifunga kanga kiunoni, akatazama chini, kwa wale watu waliosimama na uso juu. "Lakini kamba ya ndoo sitaki ashike kila mtu. Ashike msimamizi."

Hakuna aliyemlazimisha Mzee Nzomo. Walimwachia njia tu, njia nyembamba yenye watu huku na huku, na mwisho wake ngazi. Akavua kofia, akampa Kivuva. Alipanda, kalamu mbili mfukoni, na alipofika juu Kasyoka alikuwa ameshaingia miguu kwanza, na mabega, na kichwa, akapotea.

Halafu sauti yake ikatoka, na haikuwa sauti ya mwanamke mfupi aliyekaa benchi la nyuma. Tangi lilikuwa limeichukua likaifanya kubwa, likaipeleka mpaka barabarani. Watu waliokuwa wanapita wakitoka makanisa mengine walisimama kusikiliza.

"Shimo lipo," sauti ikasema. "Yanafika gotini. Yana tope, mtachuja. Na sijasema amina."

Chini, Kivuva akafungua kitabu, akatafuta, akakifunga.

"Nilipiga lipu humu siku kumi na moja. Alama za vidole vyangu bado zipo, nazipapasa. Mzee, ukitaka kujua tangi ni la nani ungeshuka siku moja ukapapasa." Ndoo ikagonga ukuta. "Hii ya kwanza ni ya Syombua na Mutindi. Ya pili ya Kalondu na watoto wake watano. Tutakwenda nyumba kwa nyumba, na hata mke wako atapata yake, maana yeye hajanikosea kitu. Unasikia?"

Juu ya ngazi Mzee Nzomo alikuwa ameshika kamba kwa mikono miwili.

"Nasikia," akasema.

"Basi vuta, mzee."